Kisiwa cha mzee wa Ventspils

Nauli ya basi kutoka Riga, mji mkuu wa Latvia, hadi Ventspils inavumilika; kilichoniudhi ni choo cha stendi. Kinalipiwa, kwa sarafu, na mimi mfukoni nilikuwa na noti tupu. Nikapanda nimebanwa hivyo hivyo, takriban saa tatu za njia, misonobari kushoto, misonobari kulia.

Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee na ndoo ya matunda ya porini. Kiingereza hajui, Kilatvia sijui. Tukaelewana kwa Kijerumani, changu cha kubeba maboksi Hamburg, chake cha shuleni. Aliposikia natokea Tanzania, uso ukamchangamka.

"Afrika! Tulikuwa na kisiwa huko!"

Nikadhani sikusikia vizuri. Nchi iliyopata dola yake mwaka 1918, baada ya kutawaliwa na Wajerumani, Wapolandi, Waswidi na Warusi, kisha Wasovieti wakaimeza 1940, iwe na koloni? Mzee akaishusha ndoo sakafuni ili apate mikono ya kusimulia. Jēkabs, mtawala wa Kurzeme (magharibi mwa Latvia ya leo) mwenye asili ya Kijerumani, alipeleka meli Gambia, na mwaka 1651 watu wake wakajenga ngome kwenye kisiwa kidogo mtoni. Mwaka 1654 wakaingia Tobago. Mwaka 1661 Waingereza wakawapora cha Gambia. Ndicho hicho ambacho leo kinaitwa Kunta Kinteh, na habari zake za biashara ya watumwa ni nzito.

"Na wazee wako, walikuwa nani katika meli hizo?" nikamuuliza.

Akacheka. Wake walikuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana wa Kijerumani, hata kuhama hawawezi mpaka bwana aridhie. Waliachiwa mwaka 1817, tena bila shamba. "Meli za bwana," akasema, "lakini misonobari yetu."

Nilishindwa kumwelewa. Pangani, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri mwaka 1889, sijapata kumsikia mzee akiringia boma lao. Halafu hawa wana cha kuringia! Riga, katika Maktaba ya Taifa, nimeliona kabati la Krišjānis Barons, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji: droo 70 zilizojaa vikaratasi vyembamba kama tiketi za daladala, vyenye nyimbo za wakulima haohao, nyingi za mistari minne minne. Zinapita 200,000. Bibi yangu aliimbia harusi miaka nenda rudi, na hakuna aliyemwandika hata ubeti mmoja.

Ventspils yenyewe ni upepo, ngome ya karne ya 13 iliyopakwa rangi ikapakika, na kahawa ya bei ya kutia uchungu.

Stendi, mzee aliniuliza kama kwetu ni jirani na Gambia. Nikamwambia Riga iko karibu nayo kuliko Dar es Salaam. Akabisha. Mjukuu wake aliyekuja kumpokea akatoa simu, tukapima kwenye ramani.

"Basi," mzee akasema, "mimi na wewe, mwenye kisiwa ni mimi."