Gego la mwisho, na vidole nilivyopimia

Gego langu la mwisho, chini upande wa kushoto, lilitoka nusu. Nusu nyingine ilibaki chini ya ufizi, na humo ndimo chakula kilipokuwa kikijificha. Ukila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, vipande vinazama pale na mswaki haufiki. Ufizi ukavimba, gego la juu likawa linaukanyaga kila nikitafuna, maumivu yakapanda hadi sikioni.

Yaya, ndugu yangu mkubwa, akaniambia, "Nenda soko la Kadutu ununue ampisilini, ile dawa ya kuua bakteria, umeze mbili tatu, itapoa." Nikamjibu, "Yaya, ampisilini itautoa uchafu uliokwama mule?" Akanyamaza. Jirani naye akaleta aspirini ya kubandika juu ya ufizi. Hiyo niliikataa kabisa, maana inaunguza nyama ya mdomo.

Nilichofanya ni hiki. Kila baada ya kula, nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya kikombe cha maji vuguvugu, nasukutua taratibu. Mswaki mdogo wa mtoto, wenye nywele laini, ulifika kule nyuma. Kwa maumivu, ibuprofeni ya miligramu 400 nikiwa nimeshiba. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse bila kumuuliza daktari. Karafuu ilituliza kidogo, kisha nguvu yake ikaisha.

Lakini maumivu hayakunisumbua akili kama mdomo wenyewe. Asubuhi nilikuwa nasimamisha vidole katikati ya meno ya mbele. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huingiza vitatu. Mimi viliingia viwili, baadaye kimoja, na homa juu. Hapo nikapanda pikipiki kwenda kwa daktari wa meno. Kama ningeshindwa kumeza mate, au uvimbe ungeshuka chini ya taya, ningeenda hospitali usiku huohuo, maana uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Daktari alisafisha chini ya ufizi kwa sindano ya maji, akaniandikia dawa za kuua bakteria, amoksisilini na metronidazoli, kwa sababu ya homa na taya iliyokaza. Pombe marufuku. Bia za Primus za harusi ya binamu zikanipita hivihivi, nikabaki na Fanta! Picha ya eksirei ilionyesha gego limelala, linamsukuma mwenzake. Hakuling'oa siku hiyo: ganzi haishiki vizuri kwenye nyama iliyowaka.

Liling'olewa uvimbe uliposhuka. Niling'ata shashi nusu saa, sikusukutua hadi kesho yake, hakuna sigara, hakuna mrija, ili damu iliyoganda isichomoke ikaacha mfupa wazi.

Yaya akanipikia uji wa sosoma, unga wa soya, mtama na mahindi, akauliza, "Na la kulia utaling'oa lini?" La kulia limetoka lote, mswaki unalifikia. Daktari ameliacha.