Motari amenipa pole ya bure

Jamani wa Goma, leo nimejiaibisha.

Miaka mitatu nafuata ile hadithi ya wachawi na falme, sura moja kila wiki. Ya leo imenikuta juu ya pikipiki, natoka Birere kwenda Majengo. Nikashindwa kungoja, nikaisoma hapo hapo kwenye simu. (Mega zenyewe za intaneti ni za kukopa.)

Humo, mzee mlinzi wa lango akaanguka. Yule mzee wangu! Machozi yakatoka, kamasi nayo.

Motari akapunguza mwendo.
“Yaya, kuna msiba?”
“Ni mzee mmoja.”
“Wa kwenu?”

Nikanyamaza. Ningesema nini?

Tulipofika akanirudishia franka 500. “Ya msiba.”

Nikazipokea 🙈

Mliosoma, niambieni: kweli amekufa? Na hizi 500 nizipeleke wapi?