Karo ya Mama na Sahani ya Mtoto

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya namna tunavyowasomesha wazazi wanaolea watoto peke yao.

Bi Ummu Salama (R.A.) alifiwa na mumewe, Abu Salama, katika mwaka wa 4 wa Hijria, baada ya jeraha alilolipata katika vita vya Uhud kufumka upya, akabaki Madina na watoto wadogo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomposa, hakukimbilia kukubali, bali alizitaja nyudhuru zake waziwazi: kwamba ni mwanamke mwenye wivu, kwamba umri umesogea, na kwamba ana watoto wa kulea. Kila udhuru ulipata jibu lake, na jibu la watoto ndilo ninaloomba tulikalie wiki hii. Hakuambiwa awatafutie pa kukaa kwanza, wala hakuambiwa asubiri mpaka wakue. Walichukuliwa pamoja naye, na nyumba aliyoingia yeye ikawa ndiyo nyumba yao.

Mmoja wa watoto hao, Umar bin Abi Salama, ametuhadithia mwenyewe kwamba alikuwa kijana mdogo katika malezi ya Mtume, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya sahani wakati wa kula, ndipo akaambiwa ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na watoto wetu hufundishwa madrasa wakiwa bado wadogo. Tumezoea kuisoma kama hadithi ya adabu za kula, na ndivyo ilivyo, lakini tukiitazama tena tutamwona pia mtoto wa mjane ambaye amepata sahani ya kutia mkono, na mtu mzima wa kumrekebisha kwa upole. Na mama yake, ambaye hakutenganishwa na watoto wake, alifikia daraja ya kupokewa hadithi zaidi ya 300, na kule Hudaybiya, katika mwaka wa 6, Waislamu walipozuiwa kuingia Makka na masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, rai yake ndiyo iliyofuatwa, watu wakainuka.

Nimeanza na Bi Ummu Salama kwa sababu wapo miongoni mwetu, katika misikiti na vyama vyetu hapa Mombasa, waliojaliwa kutoa mali yao kuwasomesha wazazi wanaolea watoto peke yao: wajane, wanawake walioachwa, mabinti waliozaa kabla ya kumaliza shule wakarudi darasani kwa sera ya serikali iliyopo tangu 1994, na pia akina baba waliofiwa na wake zao, ambao mara nyingi tunawasahau tunapolitaja jambo hili. Kutoa huku ni ibada kubwa. Ninachotaka kusema ni kuhusu namna ya kutoa, kwa sababu naona mara nyingi tunamchukua mama tukamwacha mtoto mlangoni.

Tazameni fomu zetu za basari. Nyingi zimetungwa zikimfikiria kijana wa miaka 18, kwa hiyo zinauliza jina la baba, kazi ya mama, na kama mwombaji ni yatima zinataka cheti cha kifo cha mzazi. Pale penye kisanduku cha "mzazi mmoja", anayeulizwa habari zake ni mzazi wa mwanafunzi. Mwanamke wa miaka 34, mwenye watoto watatu, akiishika kalamu kujaza fomu hiyo hana pa kuandika kwamba mzazi mmoja anayetajwa hapo ni yeye mwenyewe, na kwamba wanaomtegemea wamelala chumbani. Hujaza jina la mama yake mzee aliyeko Kwale, kisha huenda kwa chifu kutafuta muhuri, na kamati inaposoma inamwona mtoto wa mkulima, haimwoni mama wa watu watatu. Fomu kama hiyo haikuandikwa kwa ubaya, lakini yule asiyeulizwa habari za watoto wake hawezi kupewa fungu la watoto wake.

Kisha itazameni siku yake. Anakanda unga wa mahamri usiku, anaamka saa kumi alfajiri kuyakaanga, anayapeleka kwa wateja pamoja na mbaazi za nazi, anarudi kumvisha sare mkubwa na kumkabidhi mdogo kwa jirani, kisha anaikabili Likoni. Kuvuka kwa feri kwa miguu ni bure, lakini kutoka feri hadi Tudor ni nauli, na jioni ni nauli nyingine, na jirani naye hakai na mtoto kwa shukrani tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Tukimlipia karo peke yake tumempa haki ya kukaa darasani, lakini hatujampa njia ya kulifikia darasa lenyewe. Wengi wanaoacha masomo hawaachi kwa sababu ya kushindwa na somo, bali kwa sababu mtoto aliugua wiki ya mtihani, au jirani alihama, au unga ulipanda bei.

Jambo ambalo wafadhili wengi hawalifikirii hata kidogo ni atachimenti, ile miezi ambayo mwanafunzi hupelekwa hospitalini, ofisini au kwenye karakana kujifunza kazi, mara nyingi bila malipo yoyote. Kijana anayeishi kwa wazazi wake huipita miezi hiyo kwa kulalamika kidogo. Mama wa mahamri, anayetakiwa kuwa zamu saa moja asubuhi akiwa amevaa koti jeupe, hana tena asubuhi ya kuuza, na hapo ndipo kapu la nyumba linapotoboka, wakati ambapo kwenye vitabu vya mfadhili kila kitu kimelipwa na hakuna deni. Kama kuna mahali pamoja ambapo shilingi ya sadaka ina thamani mara dufu, kwa maoni yangu ni katika miezi hiyo.

Wengine wamelitambua hilo zamani. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, uko mfuko ulioanzishwa katika miaka ya 1980 mahsusi kwa wazazi wanaolea peke yao, unaotegemea michango ya watu wa huko, na pesa zake mzazi anaweza kuzitumia kwa mtu wa kumwangalizia mtoto au kwa usafiri, si kwa karo tu. Wao wana mazingira yao na sisi tuna yetu, lakini hekima popote ilipo Muislamu ana haki ya kuichukua.

Katika Surat Al-Maarij, Mwenyezi Mungu anapowasifu wanaosali, anasema kwamba katika mali zao iko haki maalumu, kwa mwenye kuomba na kwa yule anayejizuia asiombe. Ni haki, na ni maalumu. Anayelipa haki hamwiti mdai wake jukwaani ili amshukuru mbele ya watu. Lakini sisi, ndugu zangu, tumekuwa na tabia ya kumsimamisha mama mbele ya hafla ya kukabidhi hundi, na kipaza sauti mkononi, aeleze jinsi mumewe alivyomwacha, huku picha zikipigwa na mwanawe wa darasa la sita ameketi safu ya mbele. Kesho yake picha hizo zimefika kwenye simu za wanafunzi wenzake wa darasani. Surat Al-Baqara, aya ya 264, inatukataza tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi, yaani kumtajia mtu wema tuliomtendea, na kwa maudhi, na aya iliyotangulia inasema kwamba kauli njema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Mimi sioni masimbulizi makubwa zaidi kuliko kumfanya mtu asimulie aibu ya nyumba yake ndipo alipiwe muhula. Anayehitaji ushahidi wa matumizi ya pesa aombe stakabadhi ya chuo na matokeo ya mtihani, hivyo vinatosha.

Wapo wanaouliza, na si swali la mtu mbaya, kwa nini sisi tuwabebe watoto hali baba yao yu hai. Ni kweli wajibu wa kwanza ni wake. Surat Al-Baqara, aya ya 233, imeweka chakula na mavazi juu ya baba, na ikasema mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, imewapa baba na mama jukumu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Mama anayeweza kufika kwa Kadhi kudai matumizi ya wanawe na aende, na mfadhili mwenye busara anaweza kumsaidia nauli ya kufika huko. Lakini kesi ina tarehe zake na muhula una tarehe zake, na mtoto aliye na njaa leo hawezi kula uamuzi utakaotoka mwakani. Ama yule anayehofia kwamba kumsomesha aliyezaa bila ndoa ni kuuhimiza uovu, namwomba akumbuke kwamba mtoto aliyezaliwa hakuchagua mlango wa kuingilia duniani, na kwamba toba haikuwekewa sharti la kubaki bila elimu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa kama Waislamu. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na wako wazazi wanaojizuia kuuchukua kwa kuihofia dini yao. Ikiwa tunawasifu kwa kujizuia huko na kisha hatuwapi njia nyingine, sifa zetu hazilipi kadi ya mtihani. Na kuhusu zaka, fungu la mafakiri na masikini na fungu la wenye madeni yametajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, na anayetaka kujua kama mahitaji ya mzazi anayesoma yanaingia humo amuulize sheikh wake kabla ya Ramadhani, si usiku wa mwezi 27 akiwa na haraka.

Mji huu hauna sababu ya kuona kazi hii kuwa ngeni. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa jina la MIOME, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora, kampuni ya Fidahussein na serikali ya kikoloni, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1951, na baadaye ikawafungulia watu wa dini na makabila yote. Waliochanga wakati ule walijenga karakana na madarasa ambayo wao wenyewe hawakuyasomea. Hawakuwaza habari ya chumba cha mtoto wa kunyonya, na hatuwalaumu, kwa kuwa mwanafunzi waliyemtazamia hakuwa mama.

Sisi tunaweza kulifikiria hilo, na mila yetu ya wakfu inatupa njia. Pwani hii imejaa nyumba na mashamba ambayo wazee waliyatoa wakfu ili mapato yake yatumikie misikiti na wahitaji. Mtu mwenye nyumba ya kupangisha Majengo au Kisauni anaweza kuitenga kodi ya chumba kimoja tu, iandikwe kwa ajili ya malezi ya watoto wa wazazi wanaosoma na kwa miezi yao ya atachimenti, na karo ikaachiwa basari na wafadhili wengine. Asiye na nyumba ana chama chake, na chama kinaweza kumlipa jirani anayekaa na mtoto. Na katika kamati itakayogawa mapato hayo, wawekwe wanawake wawili au watatu waliosoma huku wakilea, maana wao ndio wanaojua mwezi gani katika mwaka wa masomo unaanza kwa pesa na kuisha kwa kukopa dukani, na wao ndio watakaoiandika ile fomu upya.