Dagaa walivyonigomea kwenye modeli ya nani anamla nani baharini

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaosoma mambo ya bahari na mmeambiwa mtengeneze modeli ya ulaji wa samaki, maana mimi ile kazi ilinichukulia miezi na kilichonikwamisha wala haikuwa hesabu.

Programu niliyotumia ni Ecopath, ni ya bure, mtafiti Polovina aliianzisha miaka ya 80 kwenye miamba ya French Frigate Shoals kule Hawaii, baadae akina Christensen na Pauly wakaiendeleza. Ichukulie kama daftari la duka. Kila kundi la samaki linazalisha nyama kiasi fulani kwa mwaka, na wewe unatakiwa uonyeshe imeenda wapi: imeliwa na wenzao, imevuliwa au vipi. Ile sehemu ya uzalishaji inayoishia kuliwa au kuvuliwa inaitwa EE na haitakiwi kuzidi 1, maana hakiwezi kuliwa kisichokuwepo.

Mimi nilikuwa na makundi 19, juu papa, nguru na kolekole, katikati chewa, changu, tasi wanaokula majani, ngisi, pweza, chini dagaa, kamba mpaka planktoni, vile viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Kila kundi linataka uzito wake kwa kilomita ya mraba, uzalishaji, kiasi anachokula kwa mwaka, na jedwali la chakula, yaani anakula nini na kwa asilimia ngapi, ambalo mimi nililipata kwa kupasua matumbo ya samaki. Kuhusu kiasi anachokula kuna njia moja naipenda sana, unapima mkia! Unachukua urefu wa mkia toka ncha ya juu hadi ya chini, unauzidisha wenyewe kwa wenyewe halafu unagawa kwa eneo la mkia, ukiongeza joto la maji na ukubwa wa samaki unapata makadirio. Nguru mwenye mkia kama mundu anaogelea muda wote kwa hiyo anahitaji chakula kingi kuliko chewa anayevizia kwenye mwamba.

Basi nikajaza kila kitu, nikabonyeza, dagaa wakatoa EE 2.8. Yaani modeli inaniambia wanaliwa karibu mara tatu ya nyama wanayozalisha. Nikapunguza nguru, wapi. Nikaongeza uzito wa dagaa mpaka ikakubali, nikampelekea msimamizi wangu, akaniuliza swali moja tu, hii namba umeitoa wapi? Sikuwa na jibu. Nikaifuta.

Nikarudi diko, pale boti zinaposhusha samaki, nikamkuta mzee mmoja aliyekuwa nahodha zamani, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu kama ilivyo. Akaniuliza hao nguru na kolekole uliowapasua matumbo uliwapata kwa nani. Nikasema kwa boti za dagaa, alfajiri wakishusha. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, pale taa imewashwa usiku wa giza, dagaa wamejaa kwenye mwanga, kolekole anakuja kula mpaka anashindwa kufunga mdomo. Wewe umemkuta mtu harusini ukahesabu pilau kwenye sahani yake, ndo useme kila siku anakula hivyo?"

Nilikaa kimya pale maana ndo ilikuwa hivyo hivyo, karibu samaki wangu wote walitoka kwenye taa na jedwali langu lilisema chakula cha kolekole ni dagaa asilimia 80.

Nikaanza upya. Safari hii nilinunua kwa watu wa mishipi na wanaorambaza, yaani wanaoburuta mshipi nyuma ya boti, mchana, giza na mbalamwezi, kaskazi na kusi, na waliokutwa na matumbo matupu nikawaandika pia badala ya kuwatupa. Wa madema, ile mitego ya samaki, niliwaacha, samaki wakikaa humo muda mrefu wanalana wenyewe kwa wenyewe. Na chewa akivutwa toka kina kirefu mara nyingi anatapika njiani, kwa hiyo tumbo tupu la chewa usiliamini haraka. Dagaa wakashuka chini ya nusu ya chakula cha kolekole, vibua wadogo na ngisi wakapanda, EE ya dagaa ikaja 0.93 bila kugusa uzito wao hata kidogo. Siku hiyo nilifurahi jamani, nilimpigia mama.

Halafu nikarudi na laptopu kumwonyesha mzee mchoro wa modeli, mistari inayoonyesha nani anamla nani, maana kwangu ilikuwa haki yake auone. Akavaa miwani akafuata mstari mmoja mmoja kwa kidole mpaka akafika kwa pweza. Akauliza, mbona huyu hana adui zaidi ya papa na chewa, mkunga yuko wapi? Nikaangalia, EE ya pweza ilikuwa ndogo tangu mwanzo, yaani kama vile haliwi sana, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Usiku uleule nikaongeza mkunga, kundi la 20.