Video ya asubuhi kabla hajaamka

Mwanangu alikuwa akitapika kila asubuhi, na watu watatu waliniambia anadeka. Wa nne, daktari, aliandika dawa ya tumbo, nami nikampa wiki mbili nzima kijiko kwa kijiko. Jambo hilo bado linaniuma moyoni. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, hajui kusema kichwa kinamuuma. Anatapika alfajiri, ikifika saa nne anacheza kama hana neno. Kila nikimfikisha hospitali keshachangamka, na mimi ndiye naonekana mwenye wasiwasi.

Nikaamua kumrekodi. Simu niliiegemeza kwenye rafu, naiwasha kabla hajafumbua macho. Siku ya nne nikapata nilichokitaka: anainuka, anashika paji la uso, kichwa amekilaza kulia, anatapika ghafla, kisha anatembea huku kiganja kikiburuza ukutani na kila hatua inamvutia kushoto. Nikatafuta video ya miezi miwili nyuma, anakimbia peke yake. Nilizionyesha zikifuatana. Daktari mwingine alizitazama mara mbili, hakugusia tumbo. Kesho yake tukapigwa MRI, picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku.

Uvimbe ulikuwa kwenye ubongo wa nyuma, umeziba njia ya maji ya ubongo. Ndiyo maana ilikuwa asubuhi: mtu akilala, shinikizo ndani ya fuvu hupanda.

Kuna aliyenishauri tuache kupiga picha ya mgongo, mtoto asichoshwe na dawa ya usingizi. Nilikataa. Usingizi ni uleule mmoja, pigeni ubongo na uti wa mgongo kwa pamoja, tena kabla ya upasuaji, maana damu ya upasuaji inaweza kuchafua picha. Chini kabisa ya uti wa mgongo vilionekana vidoa kama mbegu za ufuta. Seli za uvimbe huu husafiri kwenye maji ya ubongo hadi mgongoni.

Upasuaji ulipita salama. Jibu la kwanza la maabara lilisema meduloblastoma, aina mojawapo ya saratani ya ubongo wa nyuma. Daktari wa saratani hakuridhika, kwa umri ule akataka kipande kipimwe protini ya INI1. Haikuwepo. Ikawa AT/RT, saratani adimu na kali zaidi, na mpango wa dawa ukabadilika wote. Ukipewa jibu la biopsi, yaani kipimo cha kipande cha uvimbe wa ubongo, ya mtoto mdogo, uliza kama INI1 imepimwa. Omba na vile vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta, karatasi peke yake haimsaidii mtaalamu wa pili.

Dawa zilikuwa nzito, na mwisho akarudishiwa seli shina zake mwenyewe, zile zinazotengeneza damu. Mionzi iliahirishwa kwa sababu ubongo wake bado unakua. Fedha sitaki hata kuzihesabu. Kabla ya dozi ya kwanza ya cisplatin, mojawapo ya dawa hizo za saratani, nilidai apimwe masikio, kwa kuwa dawa hiyo huharibu usikivu na bila kipimo cha mwanzo huwezi kujua kimepotea nini. Pia tulipimwa damu, yeye na sisi wazazi, kuangalia jeni ya SMARCB1, inayotengeneza hiyo INI1, na figo zake zikapigwa altrasaundi, kwa kuwa uvimbe wa jamii hii unaweza kutokea huko pia.

MRI ya mwisho haikuonyesha vile vidoa. Inayofuata ni baada ya miezi mitatu. Simu bado iko kwenye rafu. Jana asubuhi alitoka kitandani, akapita katikati ya chumba, ukuta hakuugusa.