Nilivyomfundisha binti yangu KKS kwa kuchora sona

Binti yangu yuko darasa la sita, kuchora anapenda balaa, ila ukimtajia KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila baki) na KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili) uso unabadilika. Kukokotoa anaweza, anagawanya kwa namba tasa weee mpaka jibu linatoka, sema hajui hilo jibu linamsaidia nini, na mi naona hapo ndo penye kazi. Nikaamua tujaribu sona.

Sona ni michoro ya mchangani ya Wachokwe, watu wa Angola, Zambia na kusini mwa Kongo. Mzee anasawazisha mchanga, anapiga nukta kwa ncha za vidole, alafu anapitisha mstari kuzizunguka nukta bila kuinua kidole huku anasimulia hadithi. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki 2014, aliitafiti sana na kuonyesha hesabu iliyomo, na 2023 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa utamaduni usioshikika. Yaani ni hesabu ya kwetu Afrika kabisa, natamani ingekuwa kwenye vitabu vya shule.

Sisi tulitumia karatasi ya grafu. Unaweka nukta zikiachana viboksi viwili viwili, mfano safu 2 za nukta 3, alafu unachora ukuta kuzizunguka, kiboksi kimoja nje ya nukta za pembeni. Penseli inaanzia ukutani, usawa wa nukta (usianzie kwenye kona), inakwenda mshazari nyuzi 45, ikigonga ukuta inadunda kama mpira wa pool, hivyo hivyo mpaka irudi ilikotoka. 2 kwa 3 mstari mmoja unamaliza mchoro wote. Tukaja 4 kwa 6, mstari ukajifunga huku viboksi vingi bado vitupu, ikabidi achukue rangi nyingine ndo pakajaa. Rangi mbili. 3 kwa 3 rangi tatu, 6 kwa 9 tatu pia, 5 kwa 6 moja tu. Sikumwambia kitu, nilimwacha aandike pembeni ukubwa wa mchoro na idadi ya rangi, akakaa anaangalia weee alafu akasema baba, hii si ni KKS!

Nilifurahi mno, ila swali la kwanini ndo tamu zaidi. Chukua 4 kwa 6. Ndani ya ukuta kuna viboksi 8 kwa 12, yaani 96, na kila kiboksi kinakatwa na mstari mara moja tu. Sasa hesabu kuvuka kiboksi kimoja ni hatua moja: mstari ukipanda na kushuka mpaka urudi pale pale umetumia hatua 16, ukienda kulia na kurudi kushoto ni hatua 24, kwahiyo ili ujifunge lazima vyote viwili vitimie kwa pamoja, na hapo ni KDS ya 16 na 24, yaani 48. 96 gawa kwa 48, mistari miwili. KDS ni urefu wa safari ya mstari, KKS ni idadi ya mistari, zote kwenye mchoro mmoja!

Saa hizi anaanza na rangi kwanza, akitaka nne anatafuta namba mbili zenye KKS ya 4, juzi kachora 8 kwa 12 ukuta mzima wa chumbani umependeza.