Shemeji, hiyo maji usichemshe tena

Juzi nilikuwa nyumbani Kapchorwa, Uganda, nikamkuta shemeji anachemsha maji ya kisima ya kumkorogea mtoto maziwa ya kopo, mtoto ana miezi 2 tu, na anachemsha kwelikweli mpaka sufuria inabaki nusu, anajisifu kabisa. Mimi nina tabia ya kutembea na vile vikaratasi vya kupimia naitreti, ile naitrojeni ya mbolea na samadi inayoyeyuka majini (ndiyo, hata likizo, mnicheke tu), nikachovya kimoja kwenye ndoo, rangi ikasimama kati ya 50 na 100. WHO wanasema isizidi miligramu 50 kwa lita. Nikachovya kingine kwenye sufuria, ikapita 100 bana.

Hapo ndipo watu hawanielewi. Moto unaua vijidudu, lakini naitreti ni kama chumvi kwenye mchuzi, maji yanapaa kama mvuke, naitreti yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo ukichemsha sana unaizidisha. Sisi wakubwa tunavumilia, ila kwa kichanga cha chini ya miezi 6, ikifika tumboni inageuka naitraiti (kemikali nyingine, siyo naitreti tena), inaingia kwenye damu, damu inashindwa kubeba oksijeni, unaona midomo na kucha zinakuwa bluu. Daktari mmoja wa Iowa, Marekani, anaitwa Comly, aliliandika hili 1945, na vilikuwa visima vya mashambani kama chetu.

Mzee akasema ni mbolea ya yuria ya jirani. Haya, gunia la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, na ukiimwaga yote wakati mahindi bado yana majani matatu, mizizi haijafika popote, inageuka naitreti udongoni, mvua ikija inashuka nayo, maana udongo hauing'ang'anii naitreti kama unavyong'ang'ania fosforasi ya DAP, ile mbolea ya kupandia. Lakini jirani anaweka kiganja kiganja, tena mahindi yakifika magoti! Uganda yenyewe ni kati ya nchi zinazotumia mbolea ya dukani kidogo kabisa.

Mimi nikaangalia upande wa juu, mteremko unaoshukia kisimani. Zizi, hatua kama ishirini, samadi ya miaka na miaka, na choo cha shimo pembeni yake. Halafu kuna jambo ambalo mwanasayansi wa udongo anayeitwa Birch alilieleza miaka ya 1950 akifanya kazi Muguga, hapo Kenya tu: udongo ukikaa mkavu kiangazi chote, mvua ya kwanza ikigusa, vijidudu vinaamka na kuachia naitrojeni kwa mpigo, wakati hakuna mmea shambani wa kuila. Na sisi mvua ndiyo ilikuwa imeanza hiyo wiki.

Mtoto sasa anachotewa maji ya bomba la mlimani, jerikani moja kila asubuhi kwa boda. Zizi mzee amekataa kulihamisha, eti lilijengwa na babu, amekubali tu tupande majani ya nepia kati ya zizi na kisima yaile hiyo naitrojeni, na tayari anauliza nani atawakatia ng'ombe.